Alexander Fleming na Amana ya Penisilini

Ni watu wachache visiwani humu ambao hawajapata kuchomwa sindano ya penisilini, au ambao hawajamwona mtoto, mzazi au jirani akichomwa. Mvuvi anapochomwa na mwiba wa taa na mguu ukaanza kutunga usaha, au mama anapopandwa na homa siku chache baada ya kujifungua, jina la kwanza kutajwa huwa ni la penisilini au la mojawapo ya dawa za ukoo wake. Hata hivyo, ni wachache wanaoyajua maisha ya mtu aliyeigundua dawa hiyo. Na ni wachache zaidi wanaojua kuwa mtu huyo, alipokwenda kupokea heshima kubwa kuliko zote za taaluma yake, aliitumia nafasi hiyo kuuonya ulimwengu. Leo tumeona inafaa tuyasimulie maisha hayo, kwa kuwa jambo alilolihofia si hadithi tena. Limo hospitalini, limo katika maduka ya dawa, na limo katika makabati ya nyumba zetu.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1881, katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Scotland. Baba yake alikuwa mkulima na mfugaji, naye alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka saba tu. Mjane alibaki na shamba na watoto wengi wa kulea. Kijana huyo alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipelekwa London, akakaa na kaka yake aliyekuwa daktari. Alisoma kwa muda, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne. Huenda angezeekea katika vitabu vya mizigo na nauli kama asingepata urithi mdogo kutoka kwa ami yake. Kwa fedha hizo alijiunga na chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Mary's mwaka 1901, na mwaka 1906 alihitimu. Alibaki katika hospitali hiyo hiyo, katika idara ya chanjo iliyoongozwa na Almroth Wright, na humo ndimo alimofanyia kazi karibu maisha yake yote. Wenzake walimjua kuwa mtu mfupi, mkimya, asiyependa kusema neno la pili pale ambapo la kwanza limetosha.

Ili tuuelewe ukubwa wa kazi yake, hatuna budi kukumbuka hali ya wagonjwa wa siku zile. Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini wakati ule hata asiyeudharau mwiba hakuwa na salama. Vijidudu vilivyoingia katika mwili kwa njia ya mkwaruzo au kidonda viliweza kupenya hadi kwenye damu, na vikiwa katika damu vilisambazwa mwilini mote: mapafuni, katika mifupa, katika moyo na katika ubongo. Mgonjwa alipanda homa, akatetemeka kwa baridi, fahamu zikampotea. Daktari aliweza kukikamua kidonda, kukikata kiungo kilichooza na kungoja. Dawa ya kuifuata adui ndani ya damu haikuwapo.

Fleming aliyaona hayo kwa macho yake katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipotumika katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza huko Boulogne, katika pwani ya Ufaransa. Askari waliokwisha kuokoka kwa risasi na mizinga walikufa vitandani kwa vijidudu vilivyoingizwa ndani ya nyama pamoja na udongo na vipande vya nguo. Madaktari walivimiminia vidonda dawa kali za kuulia vijidudu, nao waliamini kuwa wanafanya jambo jema. Fleming alitengeneza kwa kioo mfano wa kidonda chenye pembe na mashimo, akaonyesha kuwa dawa hizo hazikufika katika vina vya jeraha vilimojificha vijidudu, na kwamba zilikuwa zikiziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili wenyewe. Alirudi London mwaka 1919 akiwa na swali moja kichwani: je, kinapatikana kitu kinachoweza kumwua adui bila ya kumdhuru mwenye nyumba?

Jibu la kwanza alilipata katika makamasi yake mwenyewe. Akiwa na mafua, aliweka tone la makamasi juu ya vijidudu alivyokuwa akivifuga katika sahani ya kioo, akaona vinayeyuka. Baadaye aliyaona hayo hayo kwa machozi na kwa ute wa yai. Kitu hicho alikiita lisozaimu, akakitangaza mwaka 1922. Kwa bahati mbaya kiliviua zaidi vijidudu visivyokuwa na madhara, na vile vya hatari vilibaki salama. Wakubwa wa taaluma hawakujishughulisha sana na habari hiyo. Lakini miaka ile ya kuchunguza lisozaimu ilikuwa imeyafundisha macho yake kuitambua dalili ya kijidudu kinachokufa.

Ndiyo maana hatuoni kuwa ni haki kusema kwamba penisilini ni zao la bahati tupu. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Septemba, 1928, Fleming alirudi kutoka likizo akazikuta sahani zake za vijidudu zimerundikana mezani, na kwamba moja ilikuwa imeota ukungu, kama uotavyo mkate uliosahauliwa. Ni kweli pia kwamba pembezoni mwa ukungu ule vijidudu vya usaha vilikuwa vimetoweka. Lakini ukungu ulikuwa ukiharibu sahani za wataalamu kila siku, nao walizitupa. Fleming aliisimamisha kazi nyingine, akauotesha ukungu ule peke yake, na akayapima majimaji yake. Aliona kuwa yanaviua vijidudu vya usaha, vya kichomi na vya dondakoo, wala hayazidhuru chembe nyeupe za damu. Aliona kadhalika, akaandika wazi, kuwa vijidudu vya homa ya matumbo havikutikiswa nayo. Tunawaomba wasomaji walishike neno hilo, kwani tutalirudia. Majimaji hayo aliyapa jina la penisilini, na habari zake akazichapisha mwaka 1929.

Baada ya hapo ilipita miaka kumi ya kimya. Fleming hakuwa mkemia. Majaribio ya kuitenga penisilini kutoka katika majimaji yale yalishindikana, kwa kuwa iliharibika upesi. Alichofanya, nacho si kidogo, ni kuuweka hai ukungu wake na kuwagawia wataalamu wengine waliouhitaji.

Kazi iliyobaki ilifanywa na wengine, na mwandishi wa haki hana budi kuwataja. Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, waliianza upya safari aliyoiachia Fleming njiani. Pamoja nao alikuwapo Norman Heatley, fundi wa mikono na akili, ambaye katika uhaba wa vita aliuotesha ukungu hata katika vyombo vya kujisaidia wagonjwa hospitalini. Tarehe 25 Mei, 1940, walipanya wanane walidungwa vijidudu vya hatari, na wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha, wale wanne waliopewa dawa walikuwa hai. Wanne wengine walikuwa wamekufa.

Mwezi Februari, 1941, dawa hiyo ilipewa mgonjwa wa kwanza wa aina yake: askari polisi mmoja, mwenye umri wa miaka 43. Kidonda kidogo cha usoni kilikuwa kimepeleka vijidudu katika damu yake. Alikwisha kupoteza jicho moja, kichwa na uso vilijaa majipu, na mapafu yalikuwa yameshikwa. Siku moja tu baada ya sindano ya kwanza alianza kupata nafuu. Homa ilishuka na hamu ya chakula ikarudi. Lakini penisilini yote iliyokuwapo haikuzidi matumizi ya siku tano. Wataalamu waliukusanya mkojo wake, wakaichuja humo dawa iliyotoka mwilini, wakamdunga tena. Hata hiyo ikaisha. Vijidudu vilivyosalia viliota upya, na tarehe 15 Machi mtu yule akafariki.

Tunaomba kisa hicho kikae mbele ya macho yetu. Askari yule hakufa kwa sababu dawa haikufaa. Alikufa kwa sababu haikutosha kuimaliza kazi iliyoianza.

Katikati ya mwaka huo Florey na Heatley walivuka bahari kwenda Marekani kuomba msaada wa viwanda. Huko Peoria, katika jimbo la Illinois, ilionekana kuwa majimaji yanayobaki mahindi yanapotengenezwa wanga huuneemesha ukungu, na baadaye ukungu wenye mazao makubwa zaidi ulipatikana katika tunda la jamii ya tikiti lililooza. Mwezi Machi, 1942, mjini New Haven, mwanamke mmoja aliyekuwa na vijidudu katika damu baada ya mimba kuharibika, na aliyekuwa taabani kwa homa kwa muda wa wiki kadhaa, alipewa penisilini. Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Mama huyo aliishi hadi mwaka 1999.

Fleming naye aliijaribu dawa kwa mgonjwa wake mwezi Agosti, 1942. Rafiki yake alikuwa anakufa kwa uti wa mgongo. Alimwomba Florey penisilini iliyosafishwa, naye Florey akampa yote aliyokuwa nayo. Fleming alipoona dawa ya sindano ya msuli haifiki mahali palipo na vijidudu, aliidunga katika maji ya uti wa mgongo, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa kwa binadamu. Mgonjwa alipona. Magazeti yalipoipata habari hiyo yalimpandisha Fleming mpaka mawinguni na kuwasahau watu wa Oxford. Lakini mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ya udaktari iligawanywa baina ya Fleming, Florey na Chain, na hivyo ndivyo ilivyostahili.

Sasa tunafika katika lile tulilokusudia. Desemba, 1945, mjini Stockholm, mbele ya wakuu wa elimu, Fleming angaliweza kujisifu akashangiliwa. Badala yake alieleza kuwa si jambo gumu kuvifanya vijidudu viizoee penisilini: maabara ilikwisha kuonyesha kuwa vikipewa dawa kidogo, isiyotosha kuviua, hujifunza kuishi nayo. Akatoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni. Bwana huyo anaumwa na koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kiasi kidogo kisichoviua vijidudu bali kinachovifunza. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na kichomi, anatibiwa kwa penisilini, lakini dawa haifanyi kazi tena, na anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemwua mwanamke yule, naye akajibu kuwa ni mumewe, ambaye kwa uzembe wake aliibadili tabia ya kijidudu. Mafunzo ya mfano huo hayakuhitaji mfasiri.

Sir Alexander Fleming, maana mfalme wa Uingereza alikwisha kumpa heshima hiyo mwaka 1944, alifariki mjini London tarehe 11 Machi, 1955, na majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la St Paul's. Kabla hajafariki, onyo lake lilikwisha kutimia. Katika hospitali za mji huo huo wa London, vijidudu vya usaha visivyojali penisilini vilikuwa vimeenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1961 vilitangazwa vijidudu vilivyoishinda hata methisilini, dawa mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvishinda vile vya kwanza. Tangu hapo mbio zimekuwa hizo: binadamu anatengeneza, kijidudu kinajifunza. Inakadiriwa kuwa katika mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 ulimwenguni walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa.

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo. Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watoto waliokuwa na bakteria katika damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa pale bakteria hao walipokuwa sugu kwa dawa walizopewa. Kisiwani Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliotesha damu ya wagonjwa wa homa, na ukaona kuwa katika waliokutwa na bakteria, walioongoza ni wa homa ya matumbo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye lile neno tuliloliomba likumbukwe. Fleming mwenyewe aliandika mwaka 1929 kuwa penisilini haiwatikisi bakteria wa homa ya matumbo. Basi mgonjwa anayechomwa sindano hiyo kwa kubahatisha, kwa sababu ana homa na malaria haikuonekana, huenda anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao, huku alionao unaendelea kumla.

Kwa hiyo tunaona kuwa wajibu wa kwanza ni wa wenye madaraka. Mgonjwa anayedhaniwa kuwa na bakteria katika damu anatakiwa atolewe damu ya kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza, ilimradi jambo hilo lisimcheleweshe kupata dawa, kwa kuwa katika ugonjwa huo saa moja ni kitu. Aanzishiwe dawa inayoelekea kufaa, na majibu yakitoka abadilishiwe ile inayomlenga adui wake hasa. Hayo hayawezekani pasipo chupa za kuoteshea damu, pasipo umeme wa uhakika katika maabara, na pasipo mtaalamu wa kuyasoma majibu hata siku za mapumziko. Mipango ya taifa ya kupambana na usugu wa dawa imekwisha kuandikwa, ule wa kwanza ukiwa wa mwaka 2017 hadi 2022. Karatasi haimponyi mgonjwa. Penye kisiwa, dawa ikikatika hospitalini na chombo kikachelewa, mgonjwa anayekatishiwa dozi katikati yuko katika hali ile ile ya askari wa Oxford, na kosa si lake.

Wajibu wa pili ni wa wauzaji. Yupo mwananchi anayekwenda dukani akaomba vidonge vinne kwa kuwa fedha yake ni ya vidonge vinne, na anauziwa. Tunaujua umaskini, wala hatumcheki mtu kwa ufukara wake. Lakini anayemuuzia anajua kuwa vinne havitoshi, na kwamba dawa hiyo haikupaswa kuuzwa bila ya cheti cha daktari. Bandu bandu huisha gogo. Kila dozi pungufu ni kibanzi kinachobanduliwa katika dawa ya watu wote.

Wajibu wa tatu ni wetu sote. Tunapopata nafuu siku ya pili tunaviweka kando vidonge vilivyobaki, tukamhifadhia mtoto atakayeugua mwezi ujao. Hapa pana jambo la kuelezwa vizuri, lisije likaeleweka vibaya. Kutimiza dozi si kumeza dawa kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2024, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 3,600 waliokuwa na bakteria katika damu katika nchi saba, ulionyesha kuwa kwa wengi wao siku saba za dawa iliyo sahihi zilifaa sawa na siku kumi na nne. Wenye bakteria wa usaha waitwao stafilokoki aureus hawakuhusishwa, kwa kuwa hao huhitaji muda mrefu zaidi. Maana yake ni kuwa idadi ya siku ni hukumu ya daktari kulingana na ugonjwa. Akisema saba, ni saba, si tatu wala ishirini. Na mafua, ambayo huletwa na virusi, hayahitaji hata siku moja ya dawa hizo.

 Fleming alituachia amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa, ili atakayekuja naye aikute. Mwaka 1941 madaktari waliuchuja mkojo wa askari polisi ili wapate tone moja zaidi la penisilini, nao hawakupata la kutosha. Leo tone hilo limejaa katika makabati yetu, na sisi tunaliacha njiani. Kabla ya kulala usiku wa leo, kila mwenye nyumba na afungue kabati lake akaone kilichomo. Na kila mwenye dhamana ya afya na aulize ni hospitali ngapi za visiwa hivi zinazoweza kuotesha damu ya mgonjwa kesho asubuhi.